Siku Makala Yalipokwisha

Julai. Vumbi la Kadutu limepanda hadi kwenye kope,
bei ya makala imepanda kuliko vumbi.
Nimelikung'uta gunia uani:
limetema unga mweusi na kipande kimoja,
kidogo kama jino la mtoto.

Basi leo jiko lipumzike.
Umeme tusiuulize. Ulikuja jana saa nane usiku,
ukaamsha redio ya jirani, ukaenda zake.

Shika kisu, Irenge. Siyo hicho,
hicho hata siagi kinaiomba ruhusa.
Kitunguu ukikate chembamba
mpaka uone vidole vyako ng'ambo ya pili.
Kitie chumvi, kikande, kilie kwanza chenyewe
kabla hakijatuliza sisi.
Kisha kisuuze mara moja.
Maji ni ya dumu, na dumu hupanda ngazi mia na kumi na mbili
mgongoni mwa mtu unayemjua,
kwa hiyo nimesema mara moja.
Ya kusuuzia usimwage, yanangojwa na mche wa pilipili.

Nyanya hizi ni za uwanda wa Ruzizi,
zimesafiri usiku kucha chini ya mihogo.
Zilizopondeka tuziponde zaidi, ndizo mchuzi wetu.
Zilizosalimika, kata vipande vinne, usihesabu mbegu.

Avoka usilibonyeze kwa kidole gumba
kama wanunuzi wa Nyawera wanaoacha makovu na hawanunui.
Litikise karibu na sikio:
kokwa ikijibu, limeiva.

Sasa maharage ya jana,
yaliyolala chunguni kama wageni wa msiba.
Tunayaamsha kwa ndimu.
Ndimu kwanza, mafuta baadaye!
Ukigeuza, mafuta yanayaziba maharage masikio
na ndimu inabisha hodi bure.
Nilijifunza hilo kwa kukosea, miaka sita,
na baba yako alikula miaka sita, akinyamaza.

Hodi.
Ni M'Bisimwa, mama mkwe wangu,
ameteremka kutoka Walungu bila kupiga simu,
viatu mkononi, jasho shingoni.
Anachungulia bakuli. Anamtazama mjukuu. Anachungulia tena.
"Haya ni ya sungura," anasema. "Bugali iko wapi?"

Sijibu.
Nakichukua kile kipande, kile jino,
nakilaza kati ya magunzi matatu ya mahindi,
napuliza mpaka macho yanageuka pilipili.
Moto wa dakika tano, basi.
Lakini sambaza kavu haziombi zaidi ya hapo:
kiganja kimoja kwenye kikaango kitupu,
zinaruka, zinalia ch-ch-ch,
harufu ya ziwa inaingia chumbani bila kuvua viatu.
Nazimwaga juu ya bakuli zikiwa bado zinaongea.

M'Bisimwa anaokota sambaza moja.
Anaokota ya pili, imeshikana na avoka.
Ya tatu imebeba kitunguu na harage moja,
anaitazama kwa muda, kama mtu anayesoma barua ya deni,
anaitia kinywani.

Hatusemi kitu. Nje mtu anauza mananasi ya Idjwi
kwa sauti iliyokauka.

Baadaye, bakuli likiwa limebaki na maji mekundu chini,
anachovya kidole, analamba, anachovya.
"Ndimu ni nyingi," anasema.
Anachovya.
"Nusu gunia la makala liko kwa muuza sabuni,
pale ngazi zinapoanzia. Nililileta kwa pikipiki."

Namtazama.

"Nilitaka kwanza kuona mnakula nini
mkiwa hamna kitu."

Irenge ameshafika ngazi ya thelathini.
Nami nalivuta bakuli upande wangu.